Maksai wa Laon na Askofu Aliyejificha Ndani ya Pipa



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba ruhusa yenu tuseme kwa ukali kidogo. Limezuka tena miongoni mwetu neno la siku nyingi, kwamba aibu za Kanisa hazifai kusimuliwa mbele ya waamini, kwa kuwa wadogo watakwazika na maadui watacheka. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao wanalipenda Kanisa kwa dhati na wamelitumikia kwa miaka mingi. Hata hivyo wamekosea, na kosa lao lina hatari kubwa kuliko wanavyodhani. Ili tulithibitishe hilo, tutawachukua hadi katika mji mmoja wa kale kaskazini ya Ufaransa, uitwao Laon, ambako jambo hili lilikwisha kupimwa kwa damu na kwa moto zaidi ya miaka 900 iliyopita.

MJI ULIO JUU YA KILIMA

Laon upo katika mkoa wa Aisne, kilometa 130 hivi kaskazini-mashariki ya Paris. Umejengwa juu ya kilima kinachoinuka ghafla kiasi cha mita 100 juu ya uwanda mpana wa mashamba, hata msafiri anayekuja kwa barabara huiona minara ya Kanisa Kuu muda mrefu kabla ya kuuona mji wenyewe. Kuta za kale bado zinauzunguka, na baadhi ya malango yake ya zama za kati, kama lile la Ardon na lile la Soissons, yamesimama hata leo. Mapokeo yanasema kwamba Mtakatifu Remi, aliyembatiza mfalme Clovis, ndiye aliyeuanzisha uaskofu wa Laon. Katika karne ya 10 wafalme wa mwisho wa ukoo wa Charlemagne waliufanya mji huo makao yao makuu.

Mwanzoni mwa karne ya 12 Laon ulisifika kwa jambo jingine. Shule ya Kanisa Kuu, chini ya Mwalimu Anselm wa Laon, ilikuwa miongoni mwa shule mashuhuri za teolojia katika Ulaya yote. Vijana walitoka mbali kuja kuketi miguuni pake, na Pierre Abélard, mwanafalsafa aliyejulikana kwa ulimi wake mkali, alikuwa mmoja wao, ingawa hakumsifu mwalimu wake. Kutoka katika shule hiyo ulianza mkusanyo mkubwa wa maelezo ya Biblia uliotumiwa na wanafunzi wa Maandiko Matakatifu kwa karne kadhaa. Tunayataja haya ili msomaji asidhani kwamba yaliyotokea Laon yalitokea kwa sababu ya ujinga. Elimu ilikuwapo, tena elimu ya dini, tena ya kiwango cha juu.

Kanisa Kuu la Bikira Maria linaloonekana leo lilianza kujengwa kiasi cha mwaka 1155, wakati wa Askofu Gautier de Mortagne, na likafikia mwisho wake kiasi cha mwaka 1235. Urefu wake ni mita 110 hivi. Minara saba ilikusudiwa, na mitano ndiyo inayosimama. Sasa inua macho, ndugu msomaji, uitazame minara miwili ya mbele. Juu kabisa, katikati ya nguzo nyembamba, mahali ambapo makanisa mengine yangeweka malaika au wafalme, wamesimama ng'ombe. Ni sanamu 16 za maksai, zimechongwa kwa mawe, zikichungulia uwanda kutoka pande zote. Villard de Honnecourt, fundi wa karne ya 13 aliyetembea nchi nyingi akichora majengo katika daftari lake, aliuchora mnara wa Laon pamoja na maksai wake, na akauweka juu ya minara yote aliyopata kuiona.

Kwa nini maksai? Kwa sababu wao ndio waliovuta mikokoteni ya mawe na mbao kutoka uwandani hadi kileleni. Abati Guibert wa Nogent, aliyeishi jirani na mji huo, anasimulia kwamba siku moja maksai mmoja alianguka kwa uchovu katikati ya mteremko, na akatokea mwingine asiyejulikana alikotoka, akaingia katika nafasi ya mwenzake, akauvuta mzigo mpaka juu, kisha akaenda zake. Kila mtu aliipokee simulizi hiyo kadiri ya imani yake. Jambo lisilo na shaka ni kwamba watu wa Laon walipomaliza nyumba ya Mungu waliamua nani apewe mahali pa juu kabisa, nao wakampa yule aliyebeba.

Swali letu ni hili: kwa nini kanisa lenyewe lilihitaji kujengwa upya?

ASKOFU NA FEDHA

Mwaka 1106 kiti cha uaskofu wa Laon kilikuwa kitupu. Makanoni wa Kanisa Kuu wakamchagua Gaudry, aliyekuwa kansela wa Mfalme Henry I wa Uingereza. Hakuwa padre. Alikuwa mtu wa ikulu na wa vita. Inasimuliwa kwamba mwaka huohuo, katika mapigano ya Tinchebray, yeye ndiye aliyemkamata Robert, mtawala wa Normandy, ndugu wa mfalme. Walimchagua, asema Guibert, kwa matumaini ya dhahabu na fedha. Mwalimu Anselm alipinga uchaguzi huo. Hakusikilizwa. Mwaka 1107 shauri hilo likafikishwa mbele ya Papa Paskali II mjini Langres, na miongoni mwa waliokwenda kumtetea mteule alikuwamo Guibert mwenyewe, ambaye baadaye aliandika jambo hilo kwa majuto.

Yaliyofuata yanaumiza. Mapema mwaka 1110 mkuu mmoja wa mji, Gérard wa Quierzy, aliuawa ndani ya Kanisa Kuu akiwa anasali. Askofu alikuwa safarini Roma, lakini Guibert anamshutumu waziwazi kwamba njama hiyo aliijua. Aidha, askofu alikuwa na haki ya kufua sarafu, na sarafu za mji zikaharibiwa kwa kupunguziwa thamani, hata mnyonge aliyeuza nguo yake sokoni akarudi nyumbani na vipande visivyonunua kitu.

Kisha likaja suala la umoja wa wenyeji. Katika miji mingi ya kaskazini ya Ufaransa zama hizo, mafundi, wafanyabiashara na wakazi wa kawaida walianza kuunganika kwa kiapo, ili watozwe kodi kwa kipimo kinachojulikana, wahukumiwe kwa sheria inayojulikana, na wasinyang'anywe mali na kila mwenye upanga. Wakati Gaudry alipokuwa Uingereza akitafuta fedha, wakuu wa mji pamoja na mashemasi wakuu wakawauzia watu wa Laon haki hiyo. Askofu aliporudi alikasirika sana, mpaka alipopewa fungu lake. Alipokwisha kulipokea, akaapa kuilinda haki hiyo. Mfalme Louis VI naye akaithibitisha, naye akalipwa. Zingatieni hapa, wapendwa: wote walilipwa, na wote waliapa.

Mwaka 1112, katika Juma Kuu, askofu akamwalika mfalme Laon. Wenyeji waliponusa hatari walimwahidi mfalme pauni 400 ili haki yao isiguswe. Askofu akaahidi 700 ili ifutwe. Mfalme akakipokea kiasi kikubwa zaidi, na viapo vikavunjwa. Guibert anaandika kwamba Alhamisi Kuu, siku ambayo askofu alipaswa kubariki Krisma Takatifu na kuwaondolea watu dhambi zao, hakuonekana hata kuingia kanisani. Alikuwa kazini, akiuza kile alichokwisha kukiuza.

Na hizo pauni 700 zingetoka wapi? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu yote. Zingetoka kwa walewale. Ilipangwa kwamba kila mtu, kadiri ya kile alichojulikana kuwa alikitoa ili umoja ule uanzishwe, atoe kiasi hichohicho ili umoja uleule uvunjwe! Mpango huu ulifanywa kwa siri, na siri ikavuja kama zivujavyo siri zote. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa askofu yule pauni 700 zilikuwa nyepesi kama usufi, kwa sababu mgongo wa kuzibeba haukuwa wake.

MOTO

Washona viatu wakafunga vibanda vyao. Wenye nyumba za wageni wakaficha bidhaa zao. Mwalimu Anselm akamwonya askofu kwamba njama ya kumuua imefanyika, na askofu akaidharau. Alhamisi iliyofuata Pasaka, tarehe 25 Aprili 1112, umati wenye mapanga na mashoka ukaivamia nyumba ya askofu. Gaudry akavaa nguo za mtumishi, akakimbilia ghalani, akajificha ndani ya pipa. Huko ndiko alikopatikana. Aliwaapia kwamba atawapa fedha na kuuacha uaskofu, lakini kiapo chake hakikuwa tena na mnunuzi. Mtu mmoja akampasua kichwa kwa shoka, na wengine wakamkata kidole ili waichukue pete yake ya uaskofu. Mwili wake ukalala uchi njiani mpaka kesho yake, Mwalimu Anselm alipoomba ruhusa auzike.

Moto uliowashwa katika nyumba moja ukarukia Kanisa Kuu. Wapendwa, hapo Kanisa Kuu la Laon likaungua. Kisha wakaja watu wa vijiji vya jirani, nao wakaupora mji usio na mwenyewe. Wauaji wakamkimbilia Thomas wa Marle, bwana mmoja katili wa eneo lile. Na mjane asiyekuwa na fungu lolote katika pauni 400 wala katika pauni 700 akabaki bila nyumba.

Tuseme wazi ili tusije tukaeleweka vibaya. Shoka lile hatulibariki. Kumuua askofu ilikuwa dhambi kuu, na damu yake haikurudisha hata sarafu moja. Wauaji wa Laon hawakuupata uhuru wao siku ile. Ilibidi wangoje mpaka mwaka 1128, ambapo mfalme yuleyule alitoa hati mpya kwa jina la utaratibu wa amani. Mtu asituletee Laon kama ruhusa ya kumshambulia padre wake au askofu wake. Tumewaletea Laon kwa sababu nyingine.

WALE WANAOTUAMBIA TUNYAMAZE

Sasa turudi kwa ndugu zetu wanaosema kwamba habari kama hizi zifunikwe. Wana hoja tatu, na tutazijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ni ya Nuhu. Wanatukumbusha kwamba Nuhu alipolewa na kulala uchi, wanawe wawili wema walitembea kinyumenyume wakamfunika baba yao, na mwana wa yule aliyekwenda kutangaza akalaaniwa. Hoja hii ni nzuri, na kwa udhaifu mwingi wa binadamu inafaa kabisa. Padre mwenye hasira, sista mwenye majonzi, katekista aliyeteleza na kutubu, wafunikwe kwa upendo. Lakini Nuhu alilewa divai yake mwenyewe, kutoka katika shamba lake mwenyewe. Gaudry alilewa kwa divai ya watu. Kumfunika baba aliyelala uchi ni heshima. Kumfunika baba aliyeingiza mkono katika gunia la akiba ya watoto ni kushirikiana naye, na watoto watakapoamka na njaa hawatauliza ni nani aliyechukua peke yake. Watauliza pia ni nani aliyeshika blanketi.

Hoja ya pili ni kwamba maadui watacheka. Ndugu zetu, maadui wanaijua habari hii kuliko ninyi. Mwaka 1827 mwanahistoria Augustin Thierry aliisimulia upya kwa Wafaransa katika barua zake juu ya historia ya nchi yao, akaifanya kioo cha mapambano ya wenyeji dhidi ya mabwana, na tangu hapo imekuwa ikisomwa. Anayenyimwa habari hii ni nani basi? Ni mwamini wa kawaida, yule anayekuja kuisikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mtu asiyelipenda Kanisa, bila kuwa na neno la kujibu, akajiuliza kwa uchungu kwa nini padre wake hakumwambia. Kwazo analipata hapo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tena Thierry aliipata wapi? Aliipata kwa Guibert wa Nogent, naye Guibert alikuwa mtawa, abati, mtu wa sala na wa madhabahu. Mwaka 1115, miaka mitatu tu baada ya moto, majivu yakiwa bado yana harufu, alikaa akaandika yote: fedha, sarafu mbovu, kiapo kilichovunjwa, pipa na shoka. Hakumpendelea mtu. Aliwashutumu wauaji vilevile, akawashutumu wakuu wa mji, akajitaja na yeye mwenyewe. Je, Guibert alilichukia Kanisa? La hasha! Aliandika kama mganga anayefungua kidonda ili usaha utoke. Anayetwambia leo kwamba kusema kweli juu ya wachungaji ni tabia ya maadui wa Kanisa, atueleze kwanza amfanyeje abati huyu.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndiyo hoja yenyewe hasa: watu wakijua, hawatatoa tena. Hapa tunawaomba wapendwa wasome kwa makini yaliyotokea baada ya moto.

WATU WALITOA

Katika kiangazi cha mwaka 1112, mara baada ya moto, makanoni kadhaa wa Laon pamoja na walei wakayachukua masalia matakatifu yaliyookolewa, wakatoka nayo wakapita katika miji ya Ufaransa wakiomba msaada wa kulitengeneza kanisa. Mwaka 1113 wakavuka bahari wakaenda Uingereza, wakafika hadi Cornwall, magharibi kabisa. Habari za safari hizo ziliandikwa na mtawa Herman. Kumbuka, ndugu msomaji, walikwenda wakati ambapo kuuawa kwa askofu wao na kuungua kwa kanisa lao kulikuwa habari ya jana. Hapakuwa na cha kuficha. Kila mlango waliobisha ungeweza kuwauliza: ninyi si watu wa mji ule uliomuua askofu wake kwa ajili ya fedha?

Na bado watu walitoa. Wagonjwa walikuja kusali, maskini walileta vipande vyao, na wenye mali walileta vito. Mwaka 1114 kanisa lililotengenezwa likatabarukiwa, miaka miwili tu baada ya kuungua. Askofu mpya, Barthélemy, aliongoza jimbo kwa zaidi ya miaka 35, na ni yeye aliyempa Mtakatifu Norbert nafasi ya kuanzisha utawa wake huko Prémontré, katika jimbo hilohilo, mwaka 1120. Kizazi kilichofuata kikaona kanisa lililotengenezwa halitoshi, kikaanza lile kubwa tunaloliona leo, lenye maksai minarani.

Hivyo basi, fedha zilizotolewa gizani ziliunguza kanisa, na fedha zilizotolewa mchana, baada ya aibu yote kujulikana, zililijenga. Nani basi atatwambia kwamba ukweli hukausha sadaka? Kinachokausha sadaka ni shaka. Mwamini anayejua kwamba mchango wake ulinunua mabati 40, na mabati ameyaona, atatoa tena mwezi ujao. Mwamini anayeambiwa asiulize atatoa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ataanza kuufunga mlango.

Sheria ya Musa ilimkataza mkulima kumziba mdomo ng'ombe aliye kazini akipura nafaka. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliitumia sheria hiyo kutetea haki ya wahubiri wa Injili kupata riziki yao. Sisi mapadre tunalipenda sana fundisho hilo, na mara nyingi tumelihubiri wakati wa mavuno. Lakini mafundi wa Laon wanatugeuzia kitabu upande wa pili. Wamemchora ng'ombe akiwa ni yule aliyevuta mawe: mama anayeuza mboga na kutoa zaka, kijana aliyebeba matofali siku ya Jumamosi bila ujira, mzee wa jumuiya anayepita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Hao nao wasizibwe midomo. Kama padre ana haki ya kula kwa kazi yake, mwamini ana haki ya kuuliza kwa mzigo wake.

YALIYOBAKI LAON

Historia ya mji haikukoma hapo, na baadhi ya yaliyobaki yanafaa kutajwa. Ndani ya Kanisa Kuu imo picha takatifu ya Uso wa Bwana, yenye maandishi ya Kislavoni. Jacques Pantaléon, aliyewahi kuwa shemasi mkuu wa Laon, aliituma mwaka 1249 kwa dada yake aliyekuwa mkuu wa monasteri katika eneo hilo. Baadaye Jacques alikuja kuwa Papa Urbano IV, ndiye aliyeiweka Sherehe ya Ekaristi Takatifu kwa Kanisa lote mwaka 1264. Mjini humo alizaliwa mwaka 1637 Padre Jacques Marquette, Mjesuiti aliyeusafiri mto Mississippi mwaka 1673. Mji uliomwona Gaudry uliwaona na hawa pia. Wanaotaka kulihukumu Kanisa kwa pipa lile peke yake, nao hawasemi kweli yote.

Uaskofu wa Laon, hata hivyo, haupo tena kama ulivyokuwa. Ulifutwa katika misukosuko ya Mapinduzi ya Ufaransa, na kwa Mapatano ya mwaka 1801 eneo lake likaunganishwa na Soissons. Kanisa Kuu sasa ni kanisa la parokia. Jumba la maaskofu lililo ubavuni pake, lililojengwa baada ya siku za Gaudry, likageuzwa kuwa mahakama. Hatutalazimisha maana ambayo historia haikuikusudia. Tunasema tu kwamba mtu anayetoka kusali Laon hupita mbele ya mahali ambapo wakuu huulizwa maswali. Na juu ya kichwa chake, maksai 16 wanatazama.

TUNACHOKITAKA

Kwa hiyo, wapendwa, hatutaki maneno haya yaishie katika kuwashangaa watu wa zamani. Tunataka mambo yanayoweza kufanyika hata Dominika ijayo. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kanisani mbele ya wote, kwa lugha inayoeleweka, na ibandikwe mlangoni. Mchango uliotangazwa kwa ajili ya paa usiende kwenye uzio bila waliotoa kuambiwa sababu. Halmashauri ya walei isiitwe tu kupiga makofi baada ya uamuzi kufanyika. Na mwamini anayeuliza kwa adabu asiitwe mwasi, wala asitengwe, wala jina lake lisidokezwe katika mahubiri.

Nanyi mnaouliza, ulizeni mchana, kwa majina yenu, katika kikao, kwa maneno mnayoweza kuyarudia mbele ya Sakramenti Takatifu. Barua zisizo na jina na minong'ono ya nje ya kanisa baada ya Misa ni ndugu wadogo wa shoka lile. Huanza kwa kudai haki, na huishia kuunguza nyumba ya wajane.

Na kwa ndugu zetu wanaotuomba tunyamaze kwa ajili ya heshima ya Kanisa, tunawaambia kwa upendo: Kanisa halina heshima ya kuazima. Lilisimama Laon baada ya moto, na wote wakijua. Litasimama na kwetu. Linachokidai kutoka kwetu sisi wachungaji ni kwamba tusijifiche ndani ya pipa pale tunapoulizwa kilikokwenda kile ambacho wengine walikibeba hadi kilimani.

Mungu Mwenyezi awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.